Kitanda cha Muhugu

Kitanda cha Tiffany kilikuwa kimelowa tena, na mtoto mwenyewe alikuwa mkavu. Wanza aliinama, akanusa. Haukuwa mkojo. Lilikuwa tope la mto, na wao wanakaa orofa ya tatu.

"Baba Tiffany, hii maji imetoka wapi?"

"Labda paipu imepasuka," Kyule alinong'ona.

"Paipu gani iko ndani ya kitanda ya mtoto?"

Kyule, mchonga vinyago aliyekichonga kitanda hicho kwa mkono wake, alivua shati, akaanza kukipangusa.

Siku hiyohiyo, jua la utosi, Wanza alimsikia aliyekilowesha. Kwanza ilikuwa kama mtu ananawa miguu polepole chini ya kitanda, kisha miguu ile ikaanza kutembea, chwa, chwa, ikizunguka, na harufu ya tope ikapanda ikajaa chumba kizima, na Tiffany, mtoto asiyejua hata kuketi, akanyoosha mikono kwa mtu asiyeonekana, akacheka, akaanza kuinuka, mgongo wake ukiachana na godoro. Wanza alimpokonya. Upande wa pili nao ulivuta.

Alishuka ngazi mbiombio hadi kwa nyanya yake, Susu Mbeti, chumba cha chini, akamsimulia yote.

Susu alikuwa miongoni mwa Wakamba wa kwanza kuhamia hapo, Mto Mathare unapogawanyika na kuacha kisiwa, chini ya mtaa wa Huruma, Nairobi. Wakati huo kisiwa kilikuwa mchanga na matete tu. Wachongaji hao walikijaza kwa mikono yao, mawe kwa karai, maranda ya mbao kwa gunia, hadi ardhi ikaacha kutitia. Vibanda vya mabati vikasimama, kisha kanisa, kisha daraja la miguu. Lakini kila masika mto ulibeba nyumba na watu, mpaka wazee wakapatana na jini mwenye mahali hapo. Walisimika gogo la muhugu, mti mgumu wa kuchongea, kwenye ncha ya kisiwa, wakamwambia: hapa kwako, kwingine kwetu. Jini akatulia. Hata walokole waliokemea mambo hayo kila Jumapili hawakuthubutu kujenga pale. Aliyethubutu ni Mureithi, tajiri wa ng'ambo ya mto, na ghorofa yake hii.

"Hicho kitanda ni cha mti gani?" Susu aliuliza.

Kyule alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni. "Landlord alisema gogo ikatwe, msingi upite. Ningeitupa aje, Susu? Muhugu kama hiyo?"

"Ukamlaza mtoto wangu ndani ya nyumba ya jini!" Wanza alifoka. "Kwa sababu ya mbao!"

"Mchongaji hatupi mti mzuri," Kyule alisema, akilia.

"Tukichome, Susu?" Wanza aliuliza.

"Ukichoma, atabaki na mtoto. Ukitupa mtoni, atarudi, maana kwake kumejengwa. Pale mti utakapokaa, ndipo atakapokaa."

Wanza alicheka kicheko kibaya. Watu waliotengeneza kisiwa kwa migongo yao ndio wanaolala na jini, na aliyemfukuza jini analala ng'ambo kwenye mashuka makavu! Alimfunga Tiffany mgongoni, akajitwika kitanda, akavuka daraja mchana kweupe. Kyule alimwita. Hakugeuka.

Kwa Mureithi geti lilifunguliwa na Lydiah, mke wa mwanawe, ujauzito umemfika kidevuni.

"Woi, kakitanda kazuri! Ni ka nani?"

Wanza hakuwa amefikiria tumbo. Huruma ilimshika, akataka kukigeuza kile kitanda kichwani na kurudi nacho. Kisha akakumbuka jinsi mwanawe alivyovutwa, na hasira ikameza yote.

"Ni kenu. Mti ulikatwa kwa amri ya baba mkwe wako."

Lydiah alikipokea kwa mikono miwili, akakiingiza ndani. Nyuma yake, sakafuni, miguu isiyoonekana ilimfuata, chwa, chwa. Mwenyewe hakusikia. Alirudi getini akitabasamu.

"Mungu akubariki sana, mama. Akulindie na huyo mtoto wako."

Wanza alishindwa kuitikia amina. Alimkaza Tiffany mgongoni, akashika njia ya darajani.