Inzi Weupe Katika Banda la Mama

Kila alasiri Chiriku alivua sare ya shule, akanywa maji, kisha akakimbilia banda la kulimia nyanya nyuma ya nyumba. Jina la Chiriku, ndege asiyeacha kulia, alipewa na babu yake kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

Banda lilikuwa la mama. Paa lilikuwa la nailoni, kuta za wavu wenye matundu madogo sana, na milango ilikuwa miwili. Sheria ilikuwa moja: usifungue mlango wa pili kabla hujafunga wa kwanza, wadudu wasipate njia. Kuta zile alizishona babu kwa mkono. Alikuwa fundi cherehani, na ingawa macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, wavu ukichanika aliitwa yeye.

Juma moja Chiriku alipewa kazi ya kuingiza mbolea. Kwa ndoo mbili mikononi, milango ilimchosha. Akaizuia yote miwili kwa matofali, ikakaa wazi hadi jioni. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa.

Baada ya wiki mbili mama aligusa jani, na vijidudu vyeupe vikaruka kama unga uliopulizwa. Majani yalinata, mengine yalikuwa yameanza kuwa ya njano.

"Inzi weupe," mama alisema polepole. "Na nyanya zinaiva. Siwezi kupiga sumu kitu ambacho watu watakula wiki hii. Lakini wamepitia wapi?"

Babu alipapasa mishono yote, ukuta hadi ukuta. "Labda ni mimi, mwanangu. Nimeacha tundu mahali. Macho haya hayanitii tena."

"Usijali, baba. Kesho nitamwita fundi mwingine aubandue wavu wote aushone upya. Wewe pumzika."

Babu akachomeka sindano kwenye kola ya shati, akaenda kuketi barazani. Chiriku, aliyesikia yote, alibaki amesimama pale pale akiitazama milango.

Alipomfuata babu barazani, alimkuta akijaribu kutunga uzi. Ulimkwepa mara tatu.

"Unaona?" babu alisema, akicheka kidogo. "Mama yako hakukosea."

Chiriku akaanza kulia. "Babu, si mishono yako. Ni mimi niliyeacha milango wazi. Siku tatu."

Babu akaweka sindano chini. Kisha akampangusa machozi kwa kiganja chake kikavu. "Mkono nitakushika. Lakini maneno utayasema mwenyewe."

Walimkuta mama akichuma majani yaliyoharibika. Chiriku akaeleza yote. Mama akakaza uso.

"Umesimama pale ukamwacha babu yako ajilaumu?"

"Niliogopa, mama."

Mama akaweka kikapu chini, akamgeukia babu. "Nisamehe, baba. Nilidhani umeshindwa kazi kabla sijaangalia vizuri."

Kesho yake hakuitwa fundi yeyote. Walifunga majani mabaya ndani ya mfuko na kuyafukia mbali. Mama alitundika vibao vya njano alivyovipaka grisi, maana inzi weupe hupenda rangi hiyo, nao wakanasa kwa mamia. Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alipiga magoti akanyunyiza maji ya sabuni chini ya majani, walikojificha. Babu alikata mpira wa gurudumu kuukuu, akaufunga kwenye milango ili ijifunge yenyewe.

Mimea sita ilikufa. Mingine ikapona, na kufikia mwisho wa mwezi mama alitikisa jani baada ya jani, pasiruke kitu.

"Mwanangu," alisema, "mlango kuachwa wazi ni kosa dogo, hata mimi ningeweza kulifanya. Lakini ungenyamaza, tungebomoa ukuta mzima na wadudu wangeendelea kuingia. Na babu yako angebaki akiamini mikono yake haifai kitu. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako."

"Nitasema, mama."

Babu, aliyekuwa akipima wavu wa banda jipya ambalo mama alipanga kuliongeza, akamsogezea Chiriku kigoda. "Haya, kaa hapa unisimulie habari za shule. Wiki zote hizi nyumba imekuwa kimya mno."