Mupaka Ulioingia Nyumbani

Asubuhi ile Béata alikuta muyenzi mumoja, ule muti wa mupaka wenye maziwa makali, umesimama katikati ya kiwanja, pale alipoanika maharagi jana. Hakuna aliyeupanda.

Alijua umetoka wapi. Katika juma ile, mume wake, Gustave, alikuwa ameng'oa mustari wa miyenzi uliotenga shamba lao na la Nyirabagenzi, mujane aliyekimbilia Sake wakati wa vita. Mababu njo waliupanda. Kule kijijini kwao Bihambwe muntu anaweza kuiba mbuzi wako na kesho mukacheka naye, lakini mupaka hauguswi. Gustave yeye alikuwa anasikiliza radio: Wamerika na Warusi wanavutana juu ya Congo, kila mumoja anataka kipande. Akajiona naye Merika.

"Rudisha miti ya wenyewe," Béata alimwambia polepole.

"Wakubwa wanachukua nchi nzima, mimi niogope shamba ya mujane?"

"Wakubwa hawalali humu, Papa."

Gustave aliung'oa ule wa kiwanja, maziwa yake yakamuchoma macho. Kesho yake ilikuwa miwili, mulangoni. Kesho kutwa mine, jikoni, kati ya mafiga, na udongo unanuka kama kaburi la leo.

Béata akamuita Mukagasana, muganga. Bibi huyo alinusa kizingiti, akakataa kiti.

"Ni pepo ya mupaka. Mulimufukuza kwake, sasa anajipimia kwenu. Gustave apande ule mustari tena, leo, na mikono yake mwenyewe."

"Pepo huyo aende kushitaki kwa serikali, kwa administrateur," Gustave alisema. "Mimi niko na karatasi ya shamba."

Akaenda kulala, macho bado mekundu na yale maziwa. Jua lilikuwa lingali juu, Béata anafunga nguo zake kwenye kitambaa ili aondoke, akasikia jembe, tu, tu, tu, chini ya sakafu, likitoka jikoni, likipita karibu na mbuzi ambao hawakulia hata mumoja, likiingia chumbani bila kupunguza mwendo, na harufu ya yale maziwa ikajaa nyumba mpaka kupumua kukawa kama kutafuna majani, na sauti ya mume wake, ndogo kama ya mugonjwa, ikasema, "Nitarudisha, nitarudisha," kisha jembe likanyamaza.

Nyirabagenzi alirudi mwaka wa sitini na sita. Mustari wake wa miyenzi sasa unapita katikati ya nyumba ya Gustave iliyoanguka, umenyooka. Gustave hakuonekana tena. Lakini pale kilipokuwa kitanda kuna muyenzi munene kuliko ingine, na ukipita karibu utausikia unasema polepole: nitarudisha.

Atarudisha na mikono gani?