Edvina Alivyofungiwa na Rubisi Yake

Mlango ulijifunga nyuma ya Edvina. Akadhani ni upepo.

Kisha akasikia kufuli likibanwa.

"Mama Byabato, kaa humo," mumewe Datius akasema kutoka nje. "Wageni wakiondoka nitakufungulia."

Jamani, wasomaji wangu... huyo ni mume wa ndoa ya kanisani. Miaka kumi na sita.

Ilikuwa saa nne asubuhi, Izigo, Muleba. Chumba kile ndicho Edvina anachochachushia rubisi, pombe ya ndizi na mtama anayoitia kwenye chupa na kuipeleka Bukoba mjini. Mapipa manne yalikuwa yanachacha. Dirisha hakuna. Kuna upenyo mdogo tu, juu, kati ya ukuta na bati.

Aligonga. Akaita. Wapi!

Gari likaingia uani. Akamsikia Datius akiwaambia wageni kwamba mkewe amekwenda Kitendaguro kumuuguza dada yake. Anadanganya bila hata kukwama.

Mgeni mkubwa, mfanyabiashara wa mjini aitwaye Rugemalira, akasema atanunua kila kitu: jengo, mapipa, hata jina la pombe. Mapipa angeyabeba leo leo. Ndizi angezileta kwa lori kutoka mbali, zilikokuwa rahisi.

Edvina akaacha kugonga.

Familia thelathini na moja za Izigo na Ijumbi zinaleta ndizi na mtama pale. Mmoja wao, Kagaruki, amemsomesha binti yake uuguzi kwa ndizi hizo. Kokugonza, jirani mjane, anachukua machicha ya pombe kulishia nguruwe, na nguruwe hao ndio waliomwezekea nyumba bati.

Lori moja tu... na wote hao basi.

Edvina alijua jambo ambalo Datius hakulijua. Lakini angelisemaje akiwa mle ndani?

Kichwa kikaanza kuwa kizito. Pombe ikichacha hutoa hewa mbaya inayotulia chini, na chumba kikifungwa inaua. Yeye mwenyewe ndiye huwaonya wafanyakazi. Akapanda juu ya kreti za chupa, akaweka mdomo kwenye upenyo. Akajaribu kupiga kelele, sauti ikatoka kama ya mgonjwa.

Nje wanacheka. Wameanza kuonja.

Hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo akilisimulia machozi yanamtoka. Akabana pumzi, akashuka, akafungua bomba la pipa kubwa. Akafungua na la pili. Kisha akapanda tena kwenye kreti.

Kazi ya wiki nzima ikamwagika sakafuni, ikapita chini ya mlango, ikafika kwenye viatu vya wageni.

Wakaruka nyuma.

"Datius," Rugemalira akauliza, "humo ndani kuna nani?"



Mzee Rugemalira akachukua jembe lililokuwa ukutani, akavunja kufuli mwenyewe. Edvina akaangukia uani, amelowa, anahema.

"Waitu mama, pole," mzee akasema kwa adabu ya Kihaya. "Ningejua, nisingeshuka kwenye gari."

Edvina akamtazama mumewe.

"Kwa nini?"

Datius akajibu: "Hapa kijijini sina jina. Mimi ni mume wa Edvina tu. Nimechoka."

Maneno yale yalimchoma kuliko hata lile kufuli. Hakuwahi kuyasikia.

Akaingia nyumbani, akatoka na hati za kikundi cha wale wanaoleta ndizi, akampa Rugemalira.

Sasa sikieni... Pale hapakuwa na kitu cha Edvina. Wala cha Datius! Miaka miwili nyuma Edvina alikuwa ameandikisha kila kitu kuwa mali ya familia zote thelathini na moja. Kiwanja nacho Datius alikwisha kukikabidhi. Saini yake hii hapa, ukurasa wa mwisho.

"Hukuniambia," Datius akasema.

"Nilikupa usome. Ukasaini haraka, unawahi mpira."

Mzee akasoma mpaka mwisho, akaomba radhi, akaondoka bila kubeba hata chupa moja.

Jumapili, baada ya misa, watu wakaanza kuingia uani na mikungu ya ndizi kichwani. Kila familia mkungu mmoja, kufidia kilichomwagika. Hakuna aliyewaita.

Datius yuko kwa kaka yake, Ijumbi. Ametuma watu wamwombee msamaha. Edvina hajaamua.

Wasomaji wangu, mimi nimebaki na hili. Kitu ukiwa nacho peke yako, mtu mmoja mwenye kinyongo anatosha kukiuza. Kikiwa cha familia thelathini na moja, hata hajui aanzie kwa nani.