Kifo Chini ya Nguzo ya Tatu

Maiti ya Krsto Bulatović ilikuwa imelala kifudifudi ukingoni mwa mto Vrelica, chini ya nguzo ya tatu ya daraja la reli. Kutoka huko juu ni mita mia na sitini. Inspekta Stanojka Perović alifika saa tatu asubuhi, akaamuru igeuzwe. Bonde zima lilikuwa chapachapa kwa mvua, ila changarawe alizolalia Krsto zilikuwa kavu.

"Mvua ilianza saa ngapi?" alimuuliza Jela, mfuga mbuzi aliyeiona maiti.

"Saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nakamua."

"Nasikia uliapa kumtupa Krsto kutoka juu."

"Niliapa, ndiyo! Treni ilinisagia mbuzi wanne, yeye akaniambia nijifunze kufunga zizi. Lakini tazama magoti haya, mwanangu. Kule juu nitafikaje, kwa mabawa?"

Stanojka aliyatazama magoti yale yaliyovimba, akapanda mlima peke yake.

Kwenye kibanda cha wakaguzi wa daraja, mdomoni mwa handaki, alimkuta Radosav, mwenzake Krsto kwa miaka kumi na tisa.

"Ilikuwa saa moja na dakika kumi," alisema Radosav. "Treni ya asubuhi ilipita, upepo wake ukamfagia. Nilimwona kwa dirisha hili hili. Maskini, hata..."

Treni ya mizigo ilitoka handakini, kibanda kikatetemeka. Radosav alinyamaza, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu mabehewa. La mwisho lilipovuka, alishusha pumzi.

"Mzee Radosav, chini ya Krsto ni kukavu. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshaanguka. Hiyo saa moja umeitoa wapi?"

Radosav aligeukia dirisha.

"Na mabehewa unayahesabia nini?"

Radosav alikaa kitini taratibu.

"Kaka yangu alianguka hapa tukipaka rangi nguzo. Tangu siku ile sijashuka chini ya reli. Kila mwezi nasaini kwamba nimekagua. Jana Krsto alishuka kwa zamu yangu, akakuta bolti tatu zimekatika. Alfajiri alinivuta hadi katikati ya daraja nikaone mwenyewe. Nikamsihi asiseme. Akasema anakwenda kupiga simu, reli ifungwe."

"Ukashikwa na kizunguzungu, ukamsukuma?"

"Natamani ningesema hivyo. Nilikuwa nimesimama imara kabisa."

"Treni inayofuata ni ya saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo. Ya abiria. Inatokea ng'ambo."

Zilibaki dakika tisa. Stanojka alirukia simu ya ukutani. Kituoni wakamjibu kwamba treni imeshaondoka. Alinyakua bendera nyekundu, akakimbia juu ya daraja, upepo ukimpiga ubavuni na mto ukionekana katikati ya mbao. Juu ya nguzo ya tatu alihisi chuma kikibonyea chini ya buti lake. Hakusimama.

Breki zililia. Treni ilisimama hatua kumi kutoka darajani.

"Una wazimu, mama?" dereva alifoka.

Hakumjibu. Aligeuka kumtafuta mtu wake, akidhani keshatoroka. Radosav alikuwa katikati ya daraja, amepiga magoti, mkono mzima umezama chini ya reli, anapapasa. Stanojka alimwendea polepole, pingu mkononi.

"Nne," alisema Radosav bila kuinua kichwa. "Krsto alikosea. Zimekatika nne."