Kitambaa Juu ya Kompyuta

Asubuhi nilikuwa bombani nakinga maji. Ndoo yangu haijafika nusu, akaja jirani tunayemwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Akanishika bega.

“Pole, shoga. Kifua kikuu siku hizi kinatibika. Miezi sita si mingi.”

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe mbali nami. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ugonjwa wangu tuliujua watatu tu: mimi, mume wangu na daktari. Lakini wifi yangu, mke wa kaka, ni karani wa mapokezi pale zahanati. Niliiacha ndoo palepale, nikamfuata nyumbani kwake huku damu inanichemka.

“Wifi, umenitangaza!”

“Mimi? Haki ya Mungu, sijafungua mdomo.”

“Kwa hiyo Redio ameoteshwa?”

Akaanza kuapa tena.

“Basi dawa zenu sizitaki tena,” nikamwambia. “Siji kupanga foleni ili nichekwe.”

“Wifi, ukiacha dawa utakufa!”

“Bora nife na heshima yangu.”

Nilisema hivyo, na nilimaanisha. Wifi aliangua kilio. Kisha akajifuta machozi, akanivuta mkono hadi zahanati, kwa fundi wa kompyuta anayeitwa Waya.

“Redio alikuja juzi kuchukua kadi ya mwanawe,” wifi alieleza. “Nikamwacha ameketi hapa, nikaenda kunywa chai. Lakini kompyuta niliizima! Nikaifunika kabisa.”

Kweli, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Waya alikiondoa. Akabonyeza kitufe kimoja chini ya kioo. Mwanga ukawaka, na majina ya wagonjwa yakajipanga pale na magonjwa yao. Langu lilikuwamo. Kompyuta haikumuuliza hata yeye ni nani.

“Dada, wewe huzima kioo tu,” alisema Waya. “Kompyuta yenyewe iko macho. Tena imeunganishwa na ya maabara na ya chumba cha dawa. Anayekaa kwenye kiti hiki anasoma habari za zahanati nzima. Akifuta kitu, itaonekana umefuta wewe.”

“Sasa nifunge? Wenzangu watasema siwaamini. Hapa kila mtu huacha wazi, mwenzake akiihitaji aitumie.”

Hapo nililipuka.

“Yaani mmeogopa kuudhiana ninyi kwa ninyi, mkaona afadhali mnivue nguo mimi bombani?”

Wote wawili walitazama sakafu. Na watazame! Aibu ile ilikuwa yao, ila niliyeibeba ni mimi.

Waya akavuta kiti.

“Ukiinuka, hata kwa dakika moja, bonyeza kitufe hiki chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L. Kompyuta itajifunga, na anayetaka kuifungua itamdai nenosiri. Nami nitaipanga ijifunge yenyewe, endapo utasahau. Na kila karani awe na nenosiri lake. Asimpe mtu, asilibandike ukutani.”

Siku hiyohiyo alipita chumba hadi chumba. Mganga mkuu wa zahanati aliniomba radhi, akawaambia wafanyakazi wote kwamba kufunga kompyuta si kumtukana mwenzako. Mimi bado nilikuwa nimenuna.

Siku ya dawa ilipofika, mume wangu alinibembeleza hadi nikakubali. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Wifi alinikaribisha kiti, akabonyeza vitufe viwili, akaifunika kompyuta, akatoka kwenda kumwita mhudumu wa dawa.

Nilibaki peke yangu. Nikaondoa kitambaa, nikabonyeza kitufe. Kompyuta ikadai nenosiri. Nikaandika jina la kaka yangu. Ikakataa. Nikaandika la mtoto wao. Ikakataa.

Wifi akarudi, akanikuta nimeinamia meza yake.

“Wifi, unatafuta nini hapo?”

“Nimeshapata,” nikamjibu. “Haya, nipeni dawa zangu.”