Vijino vya Hae-jun

Mara ya kwanza sauti ilisikika mchana, katika banda la kupakia machenza, mashine zilipozimwa watu wapate kula.

"Wewe, unatafuna nini peke yako?" Kyeong-ja, mwenzake wa kazini, akamtania Myeong-ok. "Umetuficha karanga?"

Myeong-ok akafungua mdomo. Mtupu. Lakini sauti iliendelea, krr, krr, ndani ya taya lake la kushoto, na pumzi yake ikanuka maziwa. Kyeong-ja akasogeza kiti chake, utani umemwishia.

Shavu likavimba. Akipika taya lilisaga, akifua lilisaga, na alipoliwekea kiganja alihisi kitu humo ndani kikigeuka taratibu, kikipapasa kama mtoto mchanga anayetafuta titi, naye akalia bila kujua anamlilia nani, mpaka siku moja akajua. Hae-jun, mwanawe wa pekee, alikufa kwa homa miaka mitatu nyuma, ana miezi mitano, fizi tupu.

"Ni uvimbe unaoota meno ndani yake, mama," daktari mjini Jeju alimwambia. "Hutokea kwa nadra. Si saratani."

Akautoa. Ndani yake mlikuwa na vijino ishirini, vidogo kama punje za mchele.

"Ishirini," mumewe, Chang-su, akanong'ona nyumbani, akivihesabu kiganjani. "Meno yote ya utotoni. Mama Hae-jun, tumwite mganga. Mimi naogopa."

Bibi Song, mganga, alitikisa kengele uani tangu asubuhi.

"Mwanao ameota meno ndani yako kwa sababu hukumwachilia," alisema. "Yatupe juu ya paa, kama ya mtoto yeyote anayekua. Mwambie aende."

"Bado mdogo, bibi. Ataenda na nani?"

"Mwambie, mwanangu."

Akayatupa moja moja, yakigonga vigae. "Nenda, baba. Nenda," alisema, sauti ikimkatika. Chang-su akalia kwa kwikwi. Bibi Song akashusha kengele.

"Ameondoka."

Jioni Chang-su alimpelekea uji. Myeong-ok akafumba midomo. Akambembeleza, akidhani kidonda kinamuuma; mwisho akamshika kidevu, akamfunua mdomo polepole. Katikati ya nyuzi za kidonda, kijino kimoja kilikuwa kimesimama, kimeshika.

"Usimwambie bibi," Myeong-ok akanong'ona. "Nimemwekea pa kurudia."

Uani Bibi Song alikuwa bado anafunga mizigo yake. Chang-su akamtazama kitambo, kisha akafunga mlango.