Dumu la Njano Lililobaki Kigongo

Wimbi la kwanza lilimkuta Venant amesimama katikati ya mtumbwi, kifua mbele, akiwaeleza wenzake jinsi mababu walivyokuwa wakivuka ziwa. Likamkalisha bila kumwomba ruhusa. La pili likaingia ndani, baridi kama chuma, likamfika Odeta kwenye vifundo vya miguu.

"Dumu liko wapi?" Odeta akauliza, ingawa alijua.

Dumu lilikuwa limekaa zake kwenye mchanga wa mwalo wa Kigongo, pale pale Venant alipolitupa asubuhi.

Ilikuwa mwaka 1997, mvua za Elnino zinaanza, na hawa watatu walikuwa wanafunzi wa chuo cha ualimu wakipiga filamu ya harusi ya zamani, ionyeshwe siku ya mahafali. Venant alikuwa mwongozaji. Alikuwa bwana harusi pia, maana alitafuta chuo kizima asione mwingine mwenye sura ya kufaa. Mastura alishika kamera ya kaka yake, mpiga picha za harusi mjini. Odeta, mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Kome, ndiye bibi harusi, na ndiye pekee aliyejua kasia linashikwa upande gani.

Asubuhi ile Venant aliukagua mtumbwi na kutoa kila kitu ambacho mababu hawakuwa nacho. Maboya, nje. Dumu la njano la mafuta ya kupikia, lililokatwa juu ili kutolea maji, nje. Hata magugu maji yaliyotanda ufukoni aliyakataa, kwa kuwa yaliingia ziwani juzijuzi tu. Akaamuru wasogee mbali, kwenye maji meupe. Odeta aliposema anga la kusini halimpendezi, akaambiwa bibi harusi wa zamani hakuwa na maneno mengi.

Odeta aliyatafuna maneno yake tangu asubuhi. Sasa mvua iliposhuka kama mawe, akayatema.

"Mastura, toa kamera! Nipe sanduku lake!"

"Odeta, kaka ataniua."

"Kaka yako atapanga foleni. Ziwa limemtangulia."

Mastura akaifunga kamera kwenye mifuko miwili ya plastiki ya rambo, akaibana kifuani kwa kanga kama mtoto mchanga. Odeta akalirusha sanduku mapajani mwa Venant.

"Haya, bwana harusi. Chota!"

Akachota. Sanduku lilikuwa na kingo za bati. Mara ya kumi zikamchana kiganja.

"Mkono unatoka damu!"

"Damu haizamishi mtumbwi. Maji ndiyo yanazamisha. Chota!"

Maji yalikuwa yamepanda hadi katikati ya muundi. Ng'ambo, kivuko kilikuwa kimejibana Busisi, kimekataa kutoka. Upepo uliwasukuma huko huko, ila mbele yao ulikuwapo mstari wa mawe meusi, mawimbi yakipasukia juu yake. Kando ya mawe, kisiwa kizima cha magugu kilikuwa kikielea, kinapanda na kushuka polepole kama mgongo wa ng'ombe anayepumua. Odeta akachomeka kasia, akaugeuza mtumbwi kwa nguvu hadi bega likalia.

"Unakwenda wapi?" Venant akapiga kelele. "Tutanasa!"

"Ndiyo. Tunakwenda kunasa."

Wimbi moja likawapiga ubavuni, sanduku likamponyoka Venant. Akajitupa, akalidaka kwa meno na kucha, akaendelea kuchota huku analia. Odeta alipiga kasia akimtukana. Kila tusi na pigo lake. Aliwatukana mababu wote wa Venant mmoja mmoja, hadi mtumbwi ukaingia pua kwenye majani mabichi, ukakwama.

Nyuma yao ziwa liliendelea kunguruma. Chini yao likatulia. Mawimbi yalifika kwenye magugu yakichemka, yakafia humo.

Walikaa mle kwa saa tatu wakitetemeka, mbu wakila bila haraka, magugu yakiwasogeza kidogo kidogo kuelekea nchi kavu. Mastura alichana upindo wa kanga, akamfunga Venant kiganja.

"Sasa sema," Odeta akamwambia. "Hapa mababu walifanyaje?"

Venant akaliokota sanduku. Akaanza kuchota tena, ingawa maji yalikuwa yamebaki kidogo.

Busisi walipokewa na akina mama wanaowakaangia samaki abiria wa kivuko. Mmoja mwenye makamo akaingia majini hadi magotini, akashika mtumbwi.

"Shikamoo, mama," Venant akasema, meno yakigongana.

"Marahaba. Mlifuata nini huko na hali hii?"

"Picha, mama."

"Mmeipata?"

Kamera ilianikwa juani siku tatu kama dagaa. Ya nne ikakohoa, ikawaka. Wakarudi Kigongo kumalizia, maboya yamefungwa vifuani chini ya kaniki za kuigizia. Odeta alikuwa bado amenuna. Alisimama mchangani, mikono kiunoni, hapandi. Venant akaliokota dumu, akaenda kuliweka mwenyewe mbele kabisa ya mtumbwi, penye mwanga.

"Litaonekana," Mastura akaonya nyuma ya kamera.

"Piga," Venant akasema.

Siku ya mahafali, kwenye filamu, mababu walivuka ziwa katikati ya magugu maji, dumu la njano miguuni mwa bibi harusi. Ukumbi ukacheka hadi viti vikalia. Nyuma kabisa walikaa wavuvi wawili wa Kome, baba yake Odeta na jirani. Hao hawakucheka. Walikuwa wamenyoosha shingo, wanaangalia kama mtumbwi unaingiza maji.